Jiwe la Kezia

Uppsala, Uswidi
14 Februari 1988

Kaka Joram,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yangu kabla hujamsomea neno lingine. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu.

Umeniuliza tena, na safari hii kwa ukali, ni masomo gani haya yasiyokwisha. Nitakueleza, nawe umweleze mama kwa Kikurya kadiri utakavyoweza. Umeme ukipita kwenye waya, waya hupata joto. Joto hilo ni umeme uliopotea njiani. Lakini kuna vitu vichache ambavyo ukivipoza sana, umeme unapita ndani yake bila kupotea hata chembe. Ukiuzungusha kwenye pete leo, mwakani utaukuta bado unazunguka. Hilo linajulikana tangu babu yetu hajatahiriwa. Wakubwa wa fizikia wakaja kueleza kwa nini: chembe za umeme, yaani elektroni, hutembea mbili mbili, zikivutanishwa na mtikisiko wa chuma chenyewe. Wakasema jambo hili haliwezekani ila kwenye baridi ya kupindukia. Wakafunga mjadala, wakagawana sifa.

Sasa limetokea jiwe ambalo halikusoma maelezo yao. Ni la shaba na oksijeni na vitu vingine viwili, na kwa haki lilitakiwa kuwa zito kupitisha umeme. Elektroni zake zimebanana, kila moja inaisukuma mwenzake, hakuna inayotaka kupisha. Lakini ukiongeza oksijeni kidogo, zilezile zisizopatana zinashikana mbili mbili na kupita bila kizuizi, tena kwenye baridi ambayo si kali kama ile ya zamani. Kwa nini? Hakuna anayejua. Mimi nasema ni huko kusukumana kwenyewe kunakozishikanisha. Mkuu wangu wa maabara ananicheka mbele ya wenzangu, nami narudi kazini nimefura kwa hasira.

Jiwe lenyewe nalipika mimi. Nasaga unga, nauoka kwenye tanuru, nauponda, nauoka tena. Likitoka ni jeusi tii, halina uzuri wowote. Ukitaka kujua linavyofanana, kumbuka mawe meusi ya kile kilima cha Machochwe, tulipokuwa tukikaa kufukuza tembo kwenye mahindi ya mjomba. Nyinyi huko Genkuru mnatoboa ardhi kutafuta kitu cha kuvaa shingoni. Hili ndilo dunia nzima inalolihangaikia, na sitarudi nyumbani mpaka nimelijua.

Mdogo wako,
Kezia


Genkuru
kwa anwani ya Saadi Jumaa, Tarime
30 Aprili 1988

Mdogo wangu Kezia,

Marahaba. Mama amepokea salamu zako. Barua ilifika dukani kwa Saadi, pale ninaponunua nyundo na zebaki, nikaisoma nimesimama, kisha nikaja kumsomea mama nyumbani. Sehemu za kusaga na kuoka sikuzielewa, nikaziruka. Nilimsomea ya jiwe jeusi, ya kilima cha Machochwe, na ya dunia nzima inavyolihangaikia.

Huku ukija hutapatambua. Watu wamekuja kutoka Geita, Musoma, hata Wakenya wanaingia kwa njia ya Sirari. Wamejenga vibanda vya nailoni mpaka mlangoni pa kanisa. Kila shimo, sisi tunaliita duara, linafuata mwamba wa dhahabu unakoelekea, na duara la jirani limefika kwenye mpaka wa shamba letu. Stanslaus Wangwe, yule mwenye pikipiki, amekuwa haishi kuja kuomba tumwachie.

Basi tumemwachia. Hakuna fedha iliyopita hapo. Kile kilima cha Machochwe ni chake, alikirithi kwa baba yake, na hakimsaidii kitu. Tumebadilishana: yeye amechukua shamba la Genkuru pamoja na boma, sisi tumechukua kilima na ardhi iliyo chini yake. Wazee walikuwepo, mbuzi akachinjwa, pande zote mbili zikala. Mama ameshahamia Machochwe. Mimi nimebaki huku, nachimba kwenye duara la watu.

Uamuzi ulikuwa wangu. Mama usimuulize chochote. Sasa tunakungoja wewe na wenzako mje na mashine mlipime jiwe.

Kaka yako,
Joram


Uppsala
29 Mei 1988

Joram,

Umetoa kaburi la baba. Baba amelala pembeni mwa zizi, ndani ya shamba hilohilo ulilompa mtu mwenye pikipiki, nawe unaniandikia kwamba mbuzi ameliwa, kana kwamba unanipa habari za harusi.

Sehemu usizozielewa unaziruka. Basi hii usiiruke. Jiwe ninalolisema halipo kilimani. Halipo Machochwe, halipo Genkuru, halipo popote chini ya ardhi. Tunalitengeneza wenyewe kwa unga na moto. Nilisema linafanana na mawe ya Machochwe kama chumvi inavyofanana na sukari. Mawe ya kilima kile ni mawe. Ukiyapoza utapata mawe ya baridi.

Wewe ni mwanamume mzima. Umesoma mpaka darasa la saba. Unakaa na mama aliyekuamini, halafu unamtoa kwenye nyumba aliyojengewa na mumewe, unampeleka kuishi jirani na tembo wa hifadhi, pale ambapo mjomba mwenyewe alishindwa akahama. Kwa sababu gani? Usiniambie ni kwa ajili yangu. Ni tamaa. Dhahabu imekukawiza, ukaona ukimbilie jiwe la mdogo wako.

Nenda kwa Stanslaus leo. Akikataa nenda kwa wazee. Nenda kabla hajaanza kuchimba.

Kezia


Genkuru
3 Julai 1988

Kezia,

Marahaba, ingawa hukuniamkia. Barua yako nimeisoma yote, sikuruka kitu.

Unanifundisha kaburi la baba liko wapi. Mimi ndiye niliyelichimba. Wewe ulituma kadi yenye picha ya maua. Wazee waliuliza binti wa marehemu yuko wapi, nikasema yuko masomoni, wakaangaliana. Miaka minne sasa. Mama anazeeka, wewe unatuandikia jinsi elektroni zinavyosukumana. Mguu wake uliovimba hujawahi kuuliza unaendeleaje. Leo umemkumbuka kwa sababu kuna shamba.

Kwa Stanslaus nimekwenda. Alicheka, akaniuliza kama nataka kumtapika mbuzi. Nikaitisha ritongo, wazee wa ukoo wakakaa. Walinisikiliza vizuri. Wakasema mbuzi aliyeliwa na pande mbili, upande mmoja hauwezi kumtapika peke yake. Kuna njia moja tu: Stanslaus mwenyewe aseme anataka kilima chake. Hapo tutakuwa tumekubaliana kurudishiana, na mbuzi mwingine atachinjwa.

Na hatuna muda. Ameshaweka wachimbaji. Duara lao wamelianzia nyuma ya jiko la mama, na mwamba unaelekea kwenye zizi. Wanaanza kugonga alfajiri. Nawasikia kutoka chini ya duara ninalofanyia kazi, na kila wakigonga nafikiri wamefika kaburini kwa tata.

Kwa hiyo nifanyie jambo moja. Chukua karatasi ya chuo, ile yenye nembo. Andika kwamba jiwe la kilima cha Machochwe mmelipima na ndilo lenyewe. Piga muhuri. Stanslaus anaamini muhuri kuliko anavyomwamini padri. Atakitaka kilima chake kabla hajamaliza kusoma. Shamba litarudi, baba atapumzika, nasi tutabaki na maneno yetu sisi wawili. Ni ukurasa mmoja tu.

Joram


Uppsala
1 Agosti 1988

Kaka,

Shikamoo, usije ukalalamika tena.

Siandiki. Unajua unachoniomba? Tangu jiwe hili lijulikane, haupiti mwezi bila mtu kutokea, mara nchi hii, mara ile, anatangaza amepata jingine bora zaidi, ambalo halihitaji baridi kabisa. Tunaacha kazi zetu, tunapika unga wake kama alivyosema, tunapima mpaka macho yanauma, hakuna kitu. Waya ulikuwa umelegea, au alitaka jina lake litajwe. Watu hao nawadharau kuliko ninavyoweza kukueleza. Mimi ni Mwafrika peke yangu kwenye jengo zima, na mkuu wangu ananicheka hata nikisema kweli. Kitu nilicho nacho ni kimoja: nikisema nimepima, basi nimepima. Hicho ndicho unachotaka nikitupe kwa ajili ya Stanslaus Wangwe.

Na akija kugundua je? Atabeba panga, na hatakuja Uppsala. Atakwenda Machochwe kwa mama.

Ndani ya bahasha hii nimeweka barua nyingine, ya kweli, kwa wazee. Nimewaeleza kwamba sikusema kilima kina kitu, kwamba barua yangu ilisomwa nusu, na kwamba kama shamba limekwenda basi nawaomba wamzuie Stanslaus asiguse kaburi. Wasomee neno kwa neno. Wazee wetu si wajinga, wakiambiwa ukweli wanausikia.

Jambo jingine. Mama haniandikii, kwa nini? Zamani alikuwa akimwomba mtu amwandikie. Kama ulimlazimisha kuondoka kwake, Joram, hesabu kwamba huna mdogo.

Kezia


Genkuru
22 Septemba 1988

Kezia,

Barua yako kwa wazee sikuwasomea. Ilikuwa na maneno mazuri ya kuomba. Kuomba nilishaomba.

Niliandika nyingine. Nembo ya chuo niliikata kutoka kwenye karatasi ya barua yako nikaigandisha, na muhuri tuliuchonga kwenye soli ya kandambili, mimi na Benedicto tunayechimba naye. Chini nikaweka jina lako. Tusi lolote ulilo nalo nitalipokea, ila maliza kusoma kwanza.

Ritongo ilikaa Jumamosi. Mama aliletwa kutoka Machochwe, maana kwenye mapatano yale upande wetu ni yeye. Nikasoma. Stanslaus akainuka kabla sijafika mwisho, kama nilivyokuambia. Akasema alipunjwa, anataka kilima cha baba yake, mbuzi atamtoa yeye siku hiyohiyo, na wachimbaji atawaondoa kesho yake. Wazee wakatazamana wakakubali. Mura, mwanamume mzima kama mimi, machozi yalikuwa yananitoka.

Ndipo mama akasimama. Unajua wanawake hawasemi pale mpaka waulizwe, na yeye hakuulizwa. Akasema, "Tulikula mbuzi wakati hakuna aliyejua kama jiwe ni la kweli. Leo binti yangu ameandika kwa muhuri kwamba ni la kweli, ndiyo mnaniambia nilirudishe? Sirudishi." Akakaa, akajifunika kanga.

Niambie wewe uliyesoma, ningefanya nini? Nikisema barua nimeighushi, Stanslaus hakitaki tena kilima. Nikinyamaza, mama hakitoi. Nilinyamaza. Wazee wakasema mama amesema, mapatano yabaki yalivyo. Stanslaus alitoka anatukana, na kwa hasira akaongeza wachimbaji.

Na sasa nikuambie jambo ambalo mama alinikataza, maana nimechoka kubebeshwa. Si mimi niliyetoa shamba. Shamba ni la nyumba yake, mimi nina sauti gani pale? Nilimsomea barua yako ya Februari, akasikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie. Kesho yake akasema nikamwite Stanslaus. Tuligombana mpaka majirani wakaja. Aliponishinda akasema, "Mwandikie kwamba ni wewe." Sababu hakuniambia, na mpaka leo hajaniambia. Matusi yako yote ya Mei niliyameza kwa niaba yake. Umeniita mwenye tamaa. Sasa muulize yeye, kama unathubutu.

Joram


SIMU YA MAANDISHI
Uppsala, 13 Oktoba 1988
Kwa Saadi Jumaa, Tarime. Afikishiwe mama Machochwe haraka.

MAMA JIWE SI LENYEWE. BARUA YA MUHURI SI YANGU. RUDISHA KILIMA OKOA KABURI. KEZIA.


Mugumu
26 Oktoba 1988

Kezia,

Anayeandika ni Kuruthumu, fundi cherehani wa hapa Mugumu, nilikokuja kutoka Machochwe, dada yake Saadi. Anasikia Kikurya. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe.

Sikusalimu, maana hata simu yako haikunisalimu. Saadi aliituma kwa lori, Kuruthumu akanisomea nikiwa nimesimama mlangoni kwake. Joram naye alikuwa ameshakuja akakiri kwamba barua ya muhuri aliiandika yeye. Nilimfukuza. Kisha nikamwita akala, maana alikuwa amekonda. Yeye sikumwamini. Simu yako nimeiamini. Jiwe si lenyewe. Nimesikia.

Lakini nimekasirika, na usidhani nimekasirika kwa sababu ya jiwe. Mmekuwa mkiandikiana kuhusu mimi kana kwamba mimi ni mbuzi wa kuvutwa kwa kamba, huyu anauliza nani amemhamisha, yule anajibu, "Ni mimi." Hakuna aliyenihamisha. Nilitoka Genkuru kwa miguu yangu, huu uliovimba na ule mzima.

Baba yako alipokufa nilikungoja. Niliwaambia watu wasizike haraka, huenda utatokea barabarani. Padri akaniambia kwa upole kwamba Uswidi si Musoma. Baada ya hapo barua zako zikawa fupi, unauliza mzima, unasema mzima, basi. Nilifika mahali nikafikiri umekufa na Joram ananificha, anaziandika mwenyewe. Kumbe hilo la kuandika kwa jina lako analiweza kweli.

Kisha ikaja ile ya Februari. Joram aliisoma vibaya, anaruka ruka, lakini nilikusikia humo ndani. Ulikuwa na furaha. Sijakusikia hivyo tangu ulipochaguliwa kwenda sekondari ukakimbia kutoka shuleni mpaka nyumbani bila viatu. Nikamwambia arudie. Ulikuwa unasema jiwe, jiwe, jiwe. Ukasema hurudi mpaka umelijua. Hukutaja kuolewa, hukutaja kazi, hukunitaja mimi ila kwenye salamu. Nikaelewa kwamba mtoto wangu amechukuliwa na jiwe, na kwamba jiwe hilo, kwa nilivyosomewa, liko Machochwe. Basi nikasema nitakwenda kukaa juu yake. Atakuja kulitafuta, atanikuta.

Hiyo ndiyo sababu. Joram hakujua kwa sababu sikumwambia, na sikumwambia kwa sababu angenicheka. Aliniuliza tu, na baba je? Nikamjibu kwamba baba yako nimemlilia vya kutosha na hawezi kuniletea mtoto.

Na pale kwenye ritongo, niliposikia umeandika kwa muhuri kwamba ni lenyewe, nilijua unakuja. Mtu anaandika hivyo halafu haji? Ndipo wananiambia nirudishe. Ningerudishaje? Nilisimama mbele ya wanaume wote wale nikasema hapana, na sijutii kusimama.

Kaburi hutaliokoa kwa simu. Wamelifikia. Watu wa Stanslaus walisimamisha nyundo, wakamwita padri, akasema sala yake, kisha wakaendelea. Joram aliingia kwenye lile duara akaokota alichoweza, akakileta huku kwenye gunia kwa lori la chumvi, amelipakata njia nzima. Tumemzika baba yako upya chini ya kilima, mimi na Joram na mzee Ezekiel wa kanisa. Mahindi ya bondeni tembo wamekula yote. Sikuambii haya ili ulie. Nakuambia ili ujue hakuna kilichobaki cha kuniandikia nirudishe.

Kwa hiyo usitume tena simu, wala barua, wala kadi ya maua. Nimechoka kusomewa mtoto wangu na watu. Kama jiwe ni bure, njoo uniambie hapa kwa mdomo wako kwamba ni bure. Nitakuambia sawa, nami nitakupikia.

Kuruthumu anauliza kama amalizie kwa salamu. Nimemwambia amalizie hivi. Mapatano ni mapatano. Mimi sikutoa shamba na kaburi la mume wangu ili nipewe kilima, nilitoa ili nipewe wewe. Upande wangu nimeshautoa wote. Wako bado.

Mama yako
(dole gumba)